Mzazi Mlangoni pa Bunge: Sheria za Elimu ya Nyumbani na Swali la Lugha

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii imerudiwa mno katika insha za shule hata ikakaribia kuchuja. Hata hivyo, ndani yake mna dai zito ambalo aghalabu halizingatiwi: kwamba mlezi ndiye mwenye jukumu la kwanza juu ya mtoto, kabla ya mwalimu, kabla ya chifu na kabla ya Waziri wa Elimu. Dola ya kisasa nayo ina dai lake. Inasema kuwa mtoto ni wa taifa pia, na kwamba elimu yake haiwezi kuachiwa hiari ya mtu mmoja. Madai haya mawili hugongana kwa kishindo pale mzazi anapoamua kumfundisha mwanawe nyumbani badala ya kumpeleka shuleni.

Makala haya hayanuii kuwashawishi wazazi wawatoe watoto wao shuleni, wala kuwakashifu wanaofanya hivyo. Yanashikilia hoja moja tu: kwamba ugomvi kuhusu elimu ya nyumbani huwa, kwa kiasi kikubwa, ugomvi kuhusu maana ya maneno machache yaliyoandikwa katika mswada, kwamba mzazi anayeyasoma maneno hayo mapema na kuyaelewa ndiye anayesikilizwa, na kwamba nchini Kenya mzazi wa kawaida hatasikilizwa ipasavyo maadamu miswada ya elimu inamfikia kwa Kiingereza. Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi lawama haiwaendei wabunge peke yao. Sehemu yake inawaangukia wasomi wa Kiswahili.

Nyumba kabla ya shule

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, wazo la nyumba kuwa mahali pa masomo si geni. Mnamo mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa mtawala wa Siu, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa kumwelekeza maishani. Wahakiki wamebishana sana kuhusu maudhui ya utendi huo, hususan nafasi ya mke mbele ya mumewe, na wana haki ya kubishana. Lakini jambo moja halina ubishi: utendi ule ni mtalaa. Una mwalimu, una mwanafunzi, una maarifa yaliyopangwa kwa utaratibu, na darasa lake ni chumba cha mama mgonjwa. Hakuna mkaguzi aliyeuidhinisha, ilhali leo unasomeshwa katika vyuo vikuu.

Bara nako wazazi waliwahi kuyatwaa masomo ya watoto wao mikononi mwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya mzozo na wamishonari kuhusu tohara ya wasichana, wazazi wengi wa jamii ya Agikuyu waliwaondoa watoto wao katika shule za misheni na kujenga zao. Chama cha shule huru za Agikuyu, KISA, kiliundwa mwaka 1934. Shule za Karing'a zikafuata mkondo wake wa pekee. Na mwaka 1939 chuo cha kuwaandaa walimu kikafunguliwa Githunguri. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952. Hizo zilikuwa shule hasa wala si elimu ya nyumbani, lakini kisa chake kina funzo kwa mjadala huu. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, miaka kumi baada ya KISA kuundwa. Wazazi wale waliweza kujenga shule, lakini hawakuweza kujenga sheria. Sheria ilipowageukia, majengo yao hayakuwafaa kitu.

Inafaa hapa kufafanua istilahi. Elimu ya nyumbani si tuisheni ya jioni, wala si malezi mema ambayo kila mzazi anatarajiwa kuyatoa. Ni mpango ambapo mzazi, au mtu aliyemteua, anabeba wajibu wote wa kumfunza mtoto masomo ambayo wenzake wanayapata shuleni. Wapo wanaoufuata kwa sababu za dini, wengine kwa sababu mtoto ana ulemavu ambao shule jirani haiwezi kuushughulikia, wengine kwa sababu ya kuhamahama kikazi, na wengine kwa kutoridhika na mafunzo yanayotolewa. Shule zilipofungwa kote nchini mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, na nyingi kubaki zimefungwa hadi Januari 2021, hata wazazi ambao hawajawahi kulisikia neno hilo walijikuta wakiwasimamia watoto wao masomoni wakiwa sebuleni. Swali lililokuwa la wachache likawa, kwa miezi kadhaa, swali la kila nyumba.

Neno moja na simu laki nane

Nchi ambayo imeshuhudia kwa uwazi zaidi mapambano ya wazazi na watunga sheria kuhusu suala hili ni Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni majimbo machache tu yaliyokuwa na sheria iliyoitambua elimu ya nyumbani bayana. Wazazi katika majimbo mengine walikuwa wakiitwa mahakamani kwa kosa la kutowapeleka watoto shuleni. Mwaka 1983 mawakili wawili, Michael Farris na J. Michael Smith, walianzisha chama cha kuwatetea, Home School Legal Defense Association. Hata hivyo, kesi ni njia ya gharama na ya polepole. Wazazi walijifunza upesi kuwa njia fupi zaidi ni kufika katika vikao vya kamati za mabunge ya majimbo, pamoja na watoto wao, wakiwa na nakala za mswada mkononi. Kufikia mwaka 1993 elimu ya nyumbani ilikuwa halali katika majimbo yote 50.

Kilele cha harakati hizo kilikuja mwezi Februari 1994. Bunge la Wawakilishi lilikuwa likijadili mswada mkubwa wa kuzigawia shule fedha za serikali kuu, uliojulikana kama H.R. 6. Mbunge George Miller wa California alikuwa ameingiza kipengele kilichotaka majimbo yathibitishe kwamba kila mwalimu wa kudumu ana cheti cha kufundisha somo alilopewa. Kwa mtazamo wa juujuu, nani angepinga? Ni jambo la busara kwamba anayefundisha hesabu awe amefuzu katika hesabu. Lakini wanasheria wa wazazi walisoma kipengele kile kwa jicho la mhakiki. Waliuliza: neno "shule" katika mswada huu lina mipaka gani? Je, hakimu akiamua kesho kuwa nyumba ambamo mtoto anafundishwa ni shule, na kwamba mama anayemfundisha ni mwalimu, mama huyo hatahitajika kuwa na cheti kwa kila somo?

Waliounga mkono kipengele hicho walisema hawakuwalenga wazazi hata kidogo. Huenda walisema kweli. Hata miongoni mwa wazazi wa elimu ya nyumbani wenyewe, wapo waliolalamika baadaye kwamba hofu ile ilitiwa chumvi. Hata hivyo, sheria haifasiriwi kwa nia ya aliyeitunga pekee; hufasiriwa pia kwa maneno yaliyobaki katika karatasi. Wazazi walipashana habari kwa simu, kwa faksi na kupitia redio za Kikristo, na kwa muda wa siku chache tu ofisi za wabunge zilipokea simu zilizokadiriwa kuwa kati ya laki nane na milioni moja. Njia za simu za Bunge zilizibika. Tarehe 24 Februari, wabunge 424 walipiga kura ya kukiondoa kipengele kile. Aliyepinga ni mmoja tu, Miller mwenyewe. Kisha wakapitisha, kwa kura 374 dhidi ya 53, pendekezo la mbunge Dick Armey wa Texas lililotamka waziwazi kuwa mswada huo hauzigusi familia zinazosomesha nyumbani.

Wengi wanaokisimulia kisa hiki huvutiwa na wingi wa simu. Hilo ni kosa. Wingi wa simu ulikuwa matokeo. Chanzo chake kilikuwa watu wachache kusoma mswada, kulitambua neno lenye utata, na kuwaeleza wengine utata huo kwa lugha ambayo kila mama jikoni aliielewa. Mswada uliandikwa kwa Kiingereza, na wazazi walioupinga walizungumza Kiingereza. Hapakuwa na ukuta wa lugha baina ya karatasi ya Bunge na meza ya chakula. Ukuta huo ungekuwapo, kipengele cha Miller kingepita kimyakimya, na mzazi angekuja kukifahamu siku ya kupokea hati ya kuitwa mahakamani.

Sauti iliyochelewa

Ni haki kuutazama upande wa pili wa sarafu. Sauti ya wazazi inaweza kuwa kubwa hata ikaifunika sauti ya mtoto. Mwaka 2013, watu wazima ambao wao wenyewe walikuwa wamesomeshwa nyumbani nchini humo humo Marekani waliunda chama cha Coalition for Responsible Home Education. Wanachokidai ni kinyume cha kile walichokidai wazazi wao: kwamba serikali iwe na njia ya kujua ni watoto gani wanaosomea nyumbani, kama wanasoma kweli, na kama wako salama. Watoto wa mwaka 1994 walikuwa wamekua, na baadhi yao hawakuwa na shukrani.

Mvutano huo ulionekana tena katika jimbo la Illinois mwaka 2025. Mswada wa kuwataka wazazi waiarifu serikali kwamba wanasomesha nyumbani ulipowasilishwa, baada ya waandishi wa habari kufichua visa vya watoto waliotelekezwa, wazazi walifurika katika jengo la Bunge mjini Springfield, na maelfu kwa maelfu ya fomu za kuupinga zikawasilishwa. Mswada ulipita katika kamati lakini haukupigiwa kura na Bunge zima katika kikao hicho cha majira ya kuchipua. Wapo wanaosema huo ulikuwa ushindi wa demokrasia. Wapo wanaosema kuwa mtoto aliyefungiwa chumbani hana simu ya kumpigia mbunge.

Hoja hii ya pili haipaswi kupuuzwa, na Katiba ya Kenya haiipuuzi. Kifungu cha 53 kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kwa hivyo, kumshirikisha mzazi katika utungaji wa sheria si kumkabidhi kalamu aandike anavyotaka. Ni kuhakikisha kwamba anayeijua hali ya mtoto huyo kwa karibu anasikika sawa na mkaguzi, chama cha walimu na mtetezi wa haki za watoto. Sheria inayotungwa bila ya mmoja wao itakuwa na pengo, na pengo hilo hatimaye humdhuru mtoto.

Kenya na kimya cha sheria

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, inamtaka kila mzazi ahakikishe kuwa mwanawe ameandikishwa katika taasisi ya elimu ya msingi. Asiyefanya hivyo ametenda kosa, na anaweza kuadhibiwa. Lengo la Sehemu ya 30 inayotamka hayo ni jema. Inamkinga msichana anayetaka kuozwa mapema, na mvulana anayepelekwa machungani au machimboni. Inatekeleza ahadi ya Kifungu cha 53 kwamba kila mtoto atapata elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima.

Lakini Sheria hiyo haisemi lolote bayana kuhusu elimu ya nyumbani. Haiikatazi kwa jina wala haiiruhusu kwa jina. Kila kitu kinategemea neno "taasisi". Je, sebule yenye ubao, vitabu na ratiba ni taasisi? Katiba yenyewe, katika kumhakikishia mtoto elimu, imetumia neno "elimu" wala haikutumia neno "shule". Je, tofauti hiyo ina uzito? Haya ni maswali ya semantiki kabla ya kuwa maswali ya sheria, na mwanafunzi yeyote wa isimu anaweza kuona jinsi adhabu ya mtu inavyoweza kuning'inia kwenye upana wa maana ya nomino moja.

Afrika Kusini ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya Shule ya mwaka 1996, katika Sehemu ya 51, ilimruhusu mzazi kuomba mtoto wake asajiliwe kwa elimu ya nyumbani. Masharti hayo yalipofanyiwa marekebisho kupitia sheria ijulikanayo kama BELA, kamati ya Bunge ilizuru mikoa yote tisa kusikiliza maoni, na wazazi wanaosomesha nyumbani walikuwa miongoni mwa waliojitokeza. Hawakupata yote waliyoyataka, na Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria hiyo tarehe 13 Septemba 2024. Lakini hakuna anayeweza kusema kuwa jambo lao halikutajwa. Waliliona katika karatasi, wakaligombania.

Nchini Kenya jambo hilo limeachiwa mahakama. Mwaka 2021 mzazi mmoja wa eneo la magharibi alikamatwa kwa kutowapeleka wanawe shuleni, na swali la iwapo Katiba inatoa nafasi kwa elimu ya nyumbani likafikishwa mbele ya Mahakama Kuu. Mahakama ni kimbilio la haki, lakini ni kimbilio la mwisho. Mahakamani mzazi hufika akiwa mshtakiwa au mlalamishi, akiwa na wakili wa kulipwa, baada ya madhara kutokea. Mbele ya kamati ya Bunge hufika akiwa mwananchi, bila ya malipo, kabla neno halijawa sheria. Taifa linalowasubiri wananchi wake mahakamani badala ya kuwaalika kamatini limewaita kwa mlango wa nyuma.

Mlango ulio wazi na kizingiti kirefu

Mtu atasema kuwa mlango wa Bunge uko wazi. Kwa maandishi, uko wazi kweli. Kifungu cha 10 cha Katiba kimeutaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika utungaji wa sheria na katika shughuli za kamati zake. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Wala haya si mapambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Tatizo liko kwenye kizingiti. Mswada unapokwisha kusomwa mara ya kwanza, kamati husika hutangaza magazetini kwamba wananchi walete maoni yao kabla ya tarehe fulani. Siku zenyewe ni chache. Mswada wenyewe ni kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, ambacho hata mhitimu wa chuo kikuu hukisoma kwa kurudiarudia. Mzazi muuza mboga mjini Kitale au mvuvi wa Vanga, ambaye mwanawe ni mlemavu na hana shule ya karibu, anatakiwa katika siku hizo auone mswada, ausome, alitambue neno "taasisi", aushuku upana wake, kisha aandike maoni. Huyo si mtu aliyenyimwa haki. Ni mtu aliyepewa haki katika kifurushi asichoweza kukifungua.

Ajabu ni kwamba kosa hili ni kuukuu. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na wabunge wakaanza kujadiliana kwa lugha ya taifa. Miswada, hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge akawa anasoma kwa lugha moja na kubishana kwa nyingine. Zaidi ya nusu karne baadaye, mambo yamebadilika katika Katiba kuliko yalivyobadilika katika desturi. Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 120 kinazitaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba ikitokea hitilafu baina ya matoleo ya sheria moja katika lugha tofauti, toleo lililotiwa saini na Rais ndilo litakalofuatwa. Maana yake ni kwamba waandishi wa Katiba waliona mbele. Walitarajia sheria ziwe na matoleo ya lugha zaidi ya moja, wakaweka na utaratibu wa kusuluhisha tofauti zake. Kinachokosekana si ruhusa. Ni matoleo.

Inawezekana?

Pingamizi za kawaida ni tatu. Ya kwanza ni gharama. Lakini si lazima kila ukurasa wa kila mswada utafsiriwe kwa siku moja. Muhtasari mwaminifu wa kurasa nne au tano, unaotaja kila kipengele kinachomtwika mzazi wajibu au adhabu, ungemfikisha mbali. Gharama ya muhtasari huo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya sheria inayobatilishwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa.

Ya pili ni dai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria. Dai hili limejibiwa kwa vitendo. Katiba ya Kenya inasomwa kwa Kiswahili. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zimekwisha kutafsiriwa. Tanzania ilirekebisha sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha haipati istilahi kwa kungojwa. Huzipata kwa kutumiwa.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwamba si kila Mkenya anakisoma Kiswahili kwa wepesi, na kwamba zipo lugha nyingine za jamii ambazo Katiba inaitaka dola izikuze. Hilo ni kweli. Lakini Kiswahili ndicho daraja lililo karibu zaidi na wengi, na mswada uliokwisha kufafanuliwa kwa Kiswahili ni rahisi zaidi kufafanuliwa kwa Kiturkana au Kidigo katika baraza la mtaani. Anayekataa kujenga daraja la kwanza kwa sababu halifiki kila kijiji hatajenga la pili.

Ushahidi upo, na ni wa karibuni. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipochapishwa, vijana hawakungoja mtafsiri wa serikali. Waliufafanua wenyewe kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za jamii mbalimbali, kwa video fupi zilizosambaa kwenye simu. Watu ambao hawajawahi kusoma mswada wowote wakawa wanataja vipengele vyake sokoni na ndani ya matatu. Tarehe 26 Juni 2024, baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia saini. Yapo mengi ya kuhuzunisha katika kisa hicho. Lakini kwa mtu wa lugha, funzo moja halifichiki: Mkenya hakuwa mvivu wa kusoma sheria; alikuwa hajasomewa.

Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili

Ndiyo sababu suala la elimu ya nyumbani, ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la idara za elimu na sheria, linabisha hodi katika idara za Kiswahili. Katika somo la tafsiri, wanafunzi hupewa vifungu vya riwaya na hotuba za zamani ili wavifanyie mazoezi, kisha kazi hizo hutupwa baada ya kusahihishwa. Hakuna kinachomzuia mhadhiri kuwapa sehemu za mswada wa elimu ulio mbele ya kamati wiki hiyo hiyo. Zoezi ni lile lile, alama ni zile zile, lakini tokeo lake linaweza kumfikia mzazi kabla siku za maoni hazijakwisha.

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili nacho kina matawi ambayo ofisi nyingi za serikali haziwezi kujivunia: wanachama wake hurudi nyumbani likizo, katika kaunti zote. Sheria ile ile ya mwaka 2013 ilitoa nafasi kwa vyama vya wazazi katika shule za umma. Mikutano ya vyama hivyo aghalabu hujadili karo, chakula na mabati ya darasa. Mwanachama mmoja akisimama katika mkutano kama huo na muhtasari wa Kiswahili wa mswada wa elimu, akawaeleza wazazi maana ya "taasisi", maana ya "mlezi" na maana ya "lazima", atakuwa amefanya kazi ambayo makongamano kumi ya kuisifu lugha hayajaifanya. Na maoni yatakayotoka hapo yaandikwe kwa Kiswahili, yapelekwe Bungeni kwa Kiswahili, ili kamati ijizoeze kuyapokea.

Kwa muda mrefu wakereketwa wa lugha hii wamedai iheshimiwe kwa sababu ni ya taifa, ni ya Afrika, na husherehekewa duniani kila tarehe 7 Julai. Sababu hizo ni njema. Lakini heshima ya lugha hupimwa pia kwa kile ambacho mtu hupoteza anapokosa kuihudumia. Mzazi anayeadhibiwa kwa neno ambalo hakuwahi kusomewa amepoteza uhuru wake, na mtoto wake amepoteza mtetezi. Siku mswada utakapokuja wa kuamua iwapo nyumba ya Mkenya yaweza kuwa darasa, wazazi watakaoutaka na wazazi watakaoupinga wote watakuwa na haki ya kuusoma. Afadhali siku hiyo wasikute kwamba wale waliosomea Kiswahili kwa fedha za umma walikuwa wakitafsiri hotuba za zamani.